Barua ya wazi kwa mnaopanga miji: tuulizeni kwanza tumefuata nini

Kwenu Waheshimiwa mlioko Dodoma, wa mipango miji, wa ajira, wa afya na wa TAMISEMI,

Shikamooni.

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kipo Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, hatua chache kutoka wanaposhukia watu wa Kusini, na nipo hapo tangu chapati ikiwa shilingi mia moja. Sina cheo chochote, hata kwenye kikoba chetu mimi ni mjumbe tu. Lakini kama kuna kitu nimekifanya kwa muda mrefu kuliko wengi wenu, ni kumtazama mtu anaposhuka kwenye basi mara ya kwanza, begi mkononi, simu sikioni, akimtafuta ndugu ambaye hajafika kumpokea. Huyo huwa anakuja kukaa kwangu. Anaagiza chai. Nami namuuliza: umefuata nini huku, mwanangu?

Redio ndiyo imenifanya niandike. Juzi nikikanda unga nilimsikia kiongozi mmoja akisema vijana waache kukimbilia mjini, warudi vijijini wakalime. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakacheka, kile kicheko cha mtu anayesikia hadithi aliyokwisha kusimuliwa na bibi yake. Maneno hayo yana umri mkubwa kuliko uhuru wetu. Waingereza waliyatungia sheria mwaka 1944, ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa". Sisi wenyewe tukatunga yetu mwaka 1983, ile ya Nguvukazi. Katikati na baadaye zimepita operesheni nyingine, kila moja na malori yake. Na bado Dar es Salaam, ambayo mwaka 1967 haikuwa na watu laki tatu, sensa ya 2022 imeikuta na watu 5,383,728. Sisi kina mama wa jikoni, mboga ikikataa kuiva baada ya kuchochea moto asubuhi nzima, tunafunua sufuria tuangalie tumeweka nini ndani.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja. Katika ukoo wetu, karibu kila aliyehamia Dar es Salaam alikuwa anafuata kitu ambacho ninyi, au waliokalia viti vyenu kabla yenu, mlikiweka huku na hamkukiweka kule.

Nianze na babu mzaa baba. Alikua Nachingwea, kule Lindi, wakati mkoloni akidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha haichimbwi kama muhogo. Vijana wa rika lake walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine wakaja Dar kubeba mizigo bandarini. Babu hakwenda kokote. Mwaka 1947 Waingereza walileta ule mradi wao wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaja matrekta, ikajengwa reli, ikajengwa bandari ya kisasa Mtwara. Babu akaajiriwa kung'oa visiki. Alipokea mshahara, akalipa kodi, na jioni akarudi kulala kwake. Dar aliisikia kwa watu tu, na hakuwa na hamu nayo.

Karanga, kama mjuavyo, hazikukubali. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Reli nayo baada ya uhuru ikang'olewa, huko kwetu wazee wanaelekeza bado ilipopita. Kazi ilipoondoka, babu akaondoka nyuma yake, akaja bandarini Dar, akafikia Temeke kwa mtu wa kijijini kwao, chumba kimoja watu sita. Angekuwa hai ningemuuliza kama taa za mjini ndizo zilizomvuta. Najua angenijibu tusi.

Baba yangu alibaki kijijini na bibi, akawa mtu wa korosho. Hapa naomba mnisikilize kidogo, maana korosho tunaizungumzia kila msimu kwa ajili ya bei tu. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi. Sehemu kubwa ilitoka kwetu Kusini. Halafu zikaja operesheni za vijiji. Wazazi wangu walihamishiwa kijiji cha barabarani, mikorosho yao ikabaki kule mahameni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mkorosho usipopaliliwa chini yake hugeuka pori, na moto wa kiangazi ukipita hauchagui. Sisemi vijiji peke yake ndivyo vilivyotuua. Bei nayo ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ubwiriunga uliingia, ule ugonjwa unaomwaga unga mweupe juu ya maua mpaka yanakauka. Lakini kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima ilikuwa inapata tani elfu kumi na sita na ushei.

Baba hakusubiri mwaka huo. Alikuja Dar mapema, akawa anatembeza kahawa usiku, mkono mmoja birika la mkaa, mwingine vikombe vinavyolia. Mwaka 1983 alizolewa kwenye msako wa wazururaji. Yeye na wenzake walipandishwa lori, wakapelekwa shamba ambalo hakulijua, wakakabidhiwa majembe. Wiki ya tatu alirudi Dar juu ya magunia ya mkaa. Watoto tulipenda sana hadithi hiyo, hasa anapofika mahali ambapo dereva wa lori la mkaa alikuwa ndiye yule yule dereva wa lori la msako. Huenda aliongeza chumvi hapo. Lakini swali ambalo baba alikuwa akiliuliza mwishoni halikuwa na chumvi: "Walinitoa kwenye mikorosho yangu kunipeleka barabarani, halafu wakanishangaa nimeifuata barabara."

Sasa mimi.

Sikuja Dar kuhama. Nilikuja kuuguza. Mwaka 2004 mama aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, akapewa karatasi ya rufaa ya kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Enzi hizo tiba ya mionzi kwa nchi nzima ilikuwa hapo tu. Wa Kigoma alikuja hapo, wa Mbeya alikuja hapo, wa Musoma alikuja hapo. Sisi tulikuwa na nafuu, maana Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla. Zamani watu walivuka kwa pantoni Ndundu, na mvua zikikolea mnaweza kulala njiani siku kadhaa, mgonjwa juu ya mkeka.

Mionzi inapigwa siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Kila siku ni dakika chache tu, lakini huwezi kurudi Lindi kusubiri ya kesho. Tulipata chumba Mbagala kwa shangazi. Alfajiri tunapanda daladala kwenda mjini, mama amekaa, mimi nimesimama nikimkinga na viwiko vya watu. Pesa tuliyouzia mbuzi iliisha wiki ya pili. Shangazi akaniazima kikaango na kilo mbili za unga, nikaanza kukaanga maandazi saa tisa usiku ili nauli ya asubuhi ipatikane. Watu wakayapenda. Ndivyo biashara yangu ilivyoanza, sikuandika mpango wa biashara wala sikuhudhuria semina.

Mama akamaliza mionzi. Daktari, mtu mzuri sana, akasema arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Tukapiga hesabu ya nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara nne kwa mwaka. Kukaa kulikuwa rahisi kuliko kurudi. Mama alifariki mwaka wa pili, tukampeleka kuzika nyumbani. Baada ya arobaini nilisimama pale kijijini nikajiuliza: nina nini hapa? Shamba tulikuwa tumeliweka rehani. Dar nilikuwa na wateja wanaonijua kwa jina na binti aliyeanza darasa la kwanza. Nikapanda basi.

Waheshimiwa, mtakaposoma takwimu za wahamiaji mtaniona mimi nimeandikwa "kutafuta ajira". Kwenye dodoso hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba nilifuata mashine moja iliyokuwa mji mmoja, na kwamba nilipomaliza kuifuata nilikuwa sina pa kurudi.

Na siko peke yangu. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Kusini pale Somanga, mabasi yalisimama. Stendi ilikuwa kimya, mpaka nikapika nusu ya unga. Barabara ilipopitika tena nilitaka kuona nani atashuka kwanza. Nilidhani ni wale vijana wa redioni. Wa kwanza kukaa kwenye benchi langu walikuwa wanne, na watatu walikuwa na bahasha za kaki zenye picha za eksirei.

Haki isemwe. Mmejenga Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mtwara, na wapo wateja wangu wa miaka ambao siku hizi siwaoni tena. Zamani walikuwa wakija kila kliniki, tunaulizana habari za watoto. Siku moja mmoja wao alinipigia simu kunisalimia, nikamuuliza mbona kimya, akasema, "Siku hizi naishia Mtwara, dada." Nimepoteza mteja na nimefurahi. Hakuna operesheni iliyowahi kumzuia mama yule kuja Dar. Amezuiwa na daktari aliyepangiwa Mtwara akafika na akakaa.

Vijana nao nisiwasahau, maana ndio wanaosemwa. Mlijenga shule za kata, mkafuta ada mwaka 2016, na watoto wa wakulima wakasoma mpaka kidato cha nne kwa wingi ambao babu asingeuamini. Jambo jema kabisa. Lakini mtoto aliyekaa miaka minne anajifunza hesabu za faida na hasara, akimaliza anakuta kijijini kuna jembe lile lile la mkono, korosho inauzwa ghafi kwenye mnada, inapakiwa kwenda kubanguliwa ng'ambo. Viwanda vya kubangulia vilijengwa Kusini zamani, miaka ya sabini na themanini. Vingi viliishia kuwa maghala. Mtoto huyo anapita mbele ya geti la kiwanda chenye kufuli akielekea stendi. Sasa mnataka mimi nimwambie arudi akafanye nini? Akauze kangomba, ile korosho ya kificho nje ya mnada?

Na yule anayesoma zaidi, ndiyo kabisa. Mdogo wangu wa mwisho aliitwa kwenye usaili wa taasisi moja ya umma, siitaji. Nafasi zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole. Alitoka Nachingwea, akalala kwangu, akaendelea na safari, akakuta vijana wamejaa uwanjani kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu, saa moja. Karatasi ambayo ingeweza kufanyikia kwenye ukumbi wa halmashauri yao. Hakupata. Aliporudi hakufika Nachingwea, aliishia Mbagala, kwa sababu alisema usaili ukitokea tena atakuwa karibu. Ana miaka mitatu sasa akiendesha bodaboda "akiwa karibu".

Niseme pia kuna watu wasiofuata chochote cha kwenu. Dada yake babu alikuja peke yake zamani hizo, amekimbia mume wa ngumi. Alipika pombe, akaweka senti juu ya senti, akajenga nyumba ya vyumba sita Temeke na kuwapangisha wanaume. Leo pia wapo. Binti aliyeozwa asipopataka, kijana aliyeambiwa ni mchawi kwa kuwa baba yake mdogo ameugua, mwingine tu amechoka kujulikana na kila mtu. Mji unawapa kitu ambacho kijiji hakiwezi, yaani kutoulizwa wewe ni mtoto wa nani. Hao msiwaguse. Hata mkijenga Nachingwea ghorofa, hao watakuja, na wana haki.

Nimalizie na kwenu Dodoma, maana huko ndiko mlikonithibitishia ninachokisema bila kujua.

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na hesabu ilikuwa miaka kumi. Ilipita miaka kumi, ikapita ishirini, thelathini. Bunge lilikuwa huko na chuo kikuu kikaja, lakini mafaili yenyewe yalikuwa Dar, basi na watu tukabaki Dar. Tukaendelea kuuita "mjini" mji ambao kwenye karatasi haukuwa tena makao makuu. Halafu mwaka 2016 ikatangazwa kwamba sasa ni kweli. Waziri Mkuu akahamia mwaka huo huo, wizara zikafuata, sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ikapitishwa 2018. Sensa ya 2012 iliikuta wilaya ile ya Dodoma mjini na watu 410,956. Ya 2022 ikaikuta na watu 765,179. Hakuna aliyewashika watu mkono kuwapeleka. Mlihamisha mafaili, na sisi tukayafuata mafaili.

Binti yangu yule wa darasa la kwanza ni mmoja wao. Amesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, amemaliza, na hakurudi Dar. Anapika chakula cha mchana kwa watumishi wa maofisi yale ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ana shahada ya kwanza na sufuria tisa. Namtania kwamba amehama mkoa lakini hajahama jiko. Anasema wali wake unaisha saa saba. Anasema pia chumba alichopanga kimepanda kodi mara mbili tangu ahamie, dalali anadai ya miezi sita kwa mkupuo, maji yanatoka kwa zamu, na majirani wamejenga juu ya mkondo kwa sababu viwanja vilivyopimwa vimewashinda bei. Nikimsikiliza nasikia Mbagala ya shangazi yangu. Treni ya umeme tangu 2024 inamtoa mtu Dar hadi kwenu kwa chini ya saa nne, kwa hiyo wataongezeka tu.

Ninaloogopa ni kwamba mtaifanya Dodoma kuwa Dar ya pili kwa njia ile ile. Kila saini ikae hapo, kila usaili ufanyike hapo, kila mtaalamu apangiwe hapo, na baada ya miaka ishirini asimame kiongozi redioni awashangae vijana wanaokimbilia Dodoma. Azimio la Arusha liliwahi kuonya kwamba mikopo tutakopa kwa kujenga mjini na atakayeilipa ni mkulima. Mkulima akigundua hivyo, mnategemea akae huko huko aendelee kulipa?

Kwa hiyo ombi langu. Kabla hamjasaini jengo jingine la ghorofa makao makuu, chukueni karatasi muandike vitu ambavyo Mtanzania hawezi kuvipata isipokuwa amepanda basi la mkoa mwingine. Kila kimoja ulizeni: lazima kiwe hapa? Mtihani wa usaili unaweza kufanyikia wilayani, wasimamizi mnao, kila mwaka mnasimamia mtihani wa kidato cha nne hadi kwenye kata zisizo na umeme. Marekebisho ya herufi moja kwenye jina yasimlazimu mtu alale ugenini siku tatu. Mashine za saratani ziongezeke mikoani, na mtu wa kuziendesha apewe nyumba, kwa maana mashine bila mtu tunazo. Korosho ibanguliwe inapovunwa. Na kule kwenu Dodoma, pimeni viwanja sasa, vya watu wa kipato cha sufuria tisa, kabla hatujajenga wenyewe mtakapokuja kutuwekea alama nyekundu ya X ya kubomolewa.

Msitume kamati. Kamati ikija tunaambiwa tupige deki na watu wanajibu wanavyofundishwa. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, ya Kusini yanaanza kushusha watu Rangi Tatu kabla ya adhana ya alfajiri. Njooni wawili watatu, bila king'ora, mkae benchi la nje, na kila anayeshuka na begi mumuulize anachofuata. Chai ya kwanza nitatoa mimi. Chapati mtalipa.

Wenu,
Mama lishe, Mbagala Rangi Tatu